Mfuko wa Mlangoni Katika Nchi ya Japani

Katika nyumba nyingi za Japani, karibu na mlango, umewekwa mfuko ambao wenyewe huomba wasiuhitaji kamwe. Ndani yake mna maji, chakula kikavu, taa, redio ndogo, dawa, filimbi na fedha kidogo. Auonaye mara ya kwanza aweza kudhani kuwa ni kitu cha siku hizi tu, kilichobuniwa na wenye maduka. Sivyo. Habari zake ni za tangu zamani, nasi tumeona vema kuwasimulia wasomaji wetu, kwa maana vitu vingi vilivyomo vilikwisha kulipiwa kwa roho za watu.

Hapo kale mji wa Tokyo uliitwa Edo, nao ulijengwa kwa mbao na karatasi, hata moto ukawa kama jirani wa kila mtu. Mwaka 1657 ulizuka moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji, na waliokufa wakadhaniwa kufika 100,000. Siku zile wenye mali walikuwa na masanduku makubwa yenye magurudumu, ambamo walitia nguo na vyombo, ili siku ya moto wayasukume nje. Shauri hilo lilionekana kuwa la akili. Lakini hatari ilipofika kila mtu alisukuma lake. Masanduku yakakwama njiani, na watu waliokuwa nyuma yake wakakosa pa kupita. Baadaye, mwaka 1683, serikali ikayapiga marufuku. Wafanya biashara wakashika njia nyingine: wakachimba vyumba chini ya ardhi vya kufichia mali, tena wakaweka makapu tayari ya kubebea vitu vichache.

Twasikitika kusema kwamba fundisho hilo halikukaa vichwani mwa watu. Tarehe 1 Septemba 1923, saa sita mchana kasoro dakika mbili, nchi ilitetemeka Tokyo na Yokohama. Ilikuwa saa ya kupika chakula cha mchana, na majiko yalikuwa yanawaka kila nyumba. Moto ukatokea mahali pengi kwa mara moja, upepo ukauchochea, na mabomba ya maji yalikuwa yamekwisha kuvunjika. Katika mtaa wa Honjo palikuwa na uwanja mpana, ambapo zamani palikuwa na ghala la nguo za askari. Maelfu ya watu walikimbilia huko, wakidhani wameokoka, nao walichukua magodoro, makabati na matandiko yao yote. Cheche zikaangukia mizigo ile, na kisulisuli cha moto kikapita juu yao. Katika uwanja huo mmoja walikufa watu kama 38,000. Jumla ya waliokufa katika msiba ule wote ni kama 105,000. Sisi tunaposoma habari za Honjo hatuwezi kuwalaumu wale watu. Nani aachaye godoro lake kwa hiari? Walakini ndipo ilipojulikana wazi ya kuwa mzigo waweza kumwua mwenyewe.

Tena palikuwa na jambo baya zaidi ya moto. Magazeti yalinyamaza kwa kuwa viwanda vya kupiga chapa viliungua, simu zilikatika, na redio ilikuwa haijaanza katika nchi ile. Ukavuma uvumi kwamba Wakorea wanatia sumu visimani na kuwasha moto. Ulikuwa uongo mtupu. Hata hivyo makundi ya raia wenye silaha, na baadhi ya askari na polisi pamoja nao, waliwaua Wakorea maelfu, na Wachina pia. Redio ilianza Tokyo mwaka 1925, na leo redio ndogo haikosi katika mfuko. Wengine huihesabu baada ya maji na biskuti. Sisi twaona inastahili kutajwa pamoja navyo.

Mwaka 1960 serikali iliiweka tarehe 1 Septemba iwe siku ya kujizoeza kwa ajili ya maafa, na watoto wa shule hujificha chini ya meza zao. Katika shule nyingi kila mtoto ana kofia nene ya pamba, mfano wa zile zilizovaliwa wakati wa mabomu ya vita. Siku zote huikalia kitini kama mto. Siku ya hatari huivaa kichwani. Sisi walimu tumependezwa sana na werevu huo.

Tetemeko la Kobe, tarehe 17 Januari 1995, lilikuja alfajiri watu wakiwa wamelala, likaua zaidi ya 6,400, wengi wao wakiangukiwa na nyumba zao. Waliotolewa hai chini ya vifusi, wengi wao walitolewa na jamaa na majirani. Kwa hiyo mitaa iliweka misumeno, mitaimbo na jeki, na watu wakafundishwa kuweka viatu karibu na kitanda, kwa ajili ya vioo vilivyovunjika.

Kazini je? Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na mawimbi ya bahari viliangamiza pwani ya kaskazini mashariki. Tokyo, iliyo mbali, gari za moshi zilisimama, na watu mamilioni hawakuweza kurudi kwao. Wengi walitembea usiku kucha. Tangu Aprili 2013 sheria ya mji huo inawataka waajiri wajitahidi kuweka akiba ya siku tatu, yaani kwa kila mfanyakazi lita 9 za maji, milo tisa na blanketi moja, ili watu wakae mahali pao, wasizibe njia za waokoaji. Tunaposoma hayo twakumbuka yale masanduku ya Edo.

Chakula cha mfukoni nacho huharibika kikikaa mno, basi hakina budi kubadilishwa. Biskuti kavu za kopo huwa na vipande vya sukari ndani yake, vya kumtoa mtu mate, maana ni ngumu kumeza bila maji. Kopo la zamani linapofunguliwa, sukari hiyo twadhani hailali ndani ya nyumba yenye watoto.