Utegeaji wa kikundi

Utegeaji wa kikundi ni tabia ya mtu kupunguza bidii anapofanya kazi na wenzake, ikilinganishwa na anavyojituma akiwa peke yake. Wa kwanza kuupima alikuwa Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1913. Watu 8 walipovuta kamba pamoja, kila mmoja alitoa takribani nusu tu ya nguvu zake.

Si haki kuyaita yote hayo uvivu, kwani nguvu nyingine hupotea kwa watu kutovuta kwa wakati mmoja. Hapo ndipo jaribio la Alan Ingham na wenzake la mwaka 1974 lina uzito mkubwa: washiriki walifungwa vitambaa machoni, wakaamini wana wenzao nyuma yao, kumbe kila mmoja alivuta peke yake. Walilegea vilevile. Mwaka 1979 Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins waliona hali hiyo hiyo katika kupiga makofi na kelele.

Chanzo kikuu ni mchango wa mtu kutoonekana. Waogeleaji wa vyuo vya Marekani, katika utafiti wa mwaka 1989, waliongeza kasi kwenye mbio za kupokezana pale muda wa kila mmoja ulipotangazwa. Usipotangazwa, waliogelea polepole kuliko walipoogelea peke yao. Kazini pia, utegeaji hupungua kazi inapokuwa na maana kwa mfanyakazi na kundi linapokuwa la watu anaowajali.