Uga sare wa umeme: Somo la darasani na radi za nyanda za Turkana

Nyanda za Turkana kati ya Lodwar na Kakuma zinaonekana kuwa tupu, lakini hewa iliyo juu yake imo ndani ya uga wa umeme. Mahali palipo tambarare, uga huo unakaribia kuwa wa aina ambayo mwanafunzi wa fizikia hufundishwa mwanzo, yaani uga sare.

Uga wa umeme ni eneo ambamo chaji husukumwa au huvutwa na chaji nyingine. Uga huitwa sare iwapo ukali na mwelekeo wake ni ule ule kila mahali.

Mfano wa darasani ni mabamba mawili ya chuma yanayotazamana, moja likiunganishwa na ncha chanya ya betri na la pili na ncha hasi. Ukali wa uga hupatikana kwa kugawa volti kwa umbali ulio kati ya mabamba. Betri ya volti 12, kama zile zitumiwazo na paneli za sola, ikiunganishwa na mabamba yaliyo umbali wa sentimita 4, yaani mita 0.04, ukali huwa volti 300 kwa mita.

Wanafunzi wengi hudhani kwamba nguvu huongezeka chaji inapolikaribia bamba. Sivyo. Elektroni iliyo katikati husukumwa sawa na ile iliyo karibu na bamba. Kinachobadilika ni volti: katikati ya mabamba hayo, tofauti na bamba hasi ni volti 6. Ndiyo sababu mistari ya uga huchorwa ikiwa sambamba na kwa nafasi sawa. Kwenye kingo za mabamba mistari hujipinda, na hapo uga si sare tena.

Katika maumbile, ardhi ni kama bamba moja na anga ya juu ni kama la pili. Siku ya anga shwari, ukali wa uga karibu na ardhi ni takriban volti 100 kwa mita. Kwa hesabu hiyo, hewa iliyo mita 1.7 juu ya ardhi hutofautiana na ardhi kwa volti 170. Mtu mwenye kimo hicho hadhuriki, kwa kuwa mwili hupitisha umeme na hivyo huwa na volti sawa na ardhi, ilhali hewa haipitishi umeme ila kidogo mno.

Hata hivyo, mtu huyo ameuvuruga uga. Mistari hujipinda na kusongamana juu ya kichwa chake, na ukali huongezeka hapo.

Jambo hilo huwa la hatari wingu la radi linapotanda. Ukali wa uga juu ya ardhi tambarare huweza kufikia maelfu ya volti kwa mita. Hewa kavu huanza kupitisha umeme kwa cheche ukali ukifika takriban volti milioni 3 kwa mita. Ncha ya mgunga ulio peke yake, mlingoti au mchungaji aliyesimama wima ndipo mistari inaposongamana, na ndipo radi inapoelekea kupiga.

Mvua ya Turkana ni haba, lakini mchungaji akutwapo na dhoruba uwandani huwa mbali na makazi. Mti wa pekee si kimbilio. Kibanda cha miti na majani hakimkingi mtu, na paa la mabati pekee halitoshi. Mahali salama ni jengo kubwa lililojengwa imara au gari lililofungwa lenye paa la chuma. Inashauriwa kukaa humo hadi dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Mwanafunzi wa Lodwar au wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, anaweza basi kulishika somo hili hivi: uga ni sare pale tu ambapo hakuna kinachochomoza.