Yai Lenye Mwiba: Historia ya Kichocho



Wengi wetu tuliokulia kando ya mito, mabwawa na mashamba ya mpunga tunaijua hali hii: mtoto wa kiume anakojoa, na mwisho wa haja yake linatoka tone la damu. Baadhi ya wakubwa walicheka wakasema kijana ameanza kukua. Kichocho kilihesabiwa kuwa sehemu ya utoto, kama kupanda miembe na kuogelea. Leo tunapenda kueleza jinsi wataalamu walivyomgundua mwenye kuileta damu ile, kwani habari hiyo inatuhusu sisi tuliohama kuliko tunavyodhani.

Maradhi haya ni ya kale. Mwaka 1910 Marc Armand Ruffer alieleza kwamba ameyaona mayai ya kichocho katika figo za maiti wawili wa Misri waliokaushwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Lakini mnyoo mwenyewe alionekana mwaka 1851, pale Theodor Bilharz, tabibu kijana wa Kijerumani katika hospitali ya Kasr el-Aini mjini Cairo, alipopasua maiti na kuwakuta minyoo ndani ya mshipa wa damu uendao kwenye ini. Ndipo lilipotoka jina la bilharzia. Minyoo hao walimshangaza. Dume, mwenye urefu wa kama sentimita moja, ameukunja mwili wake ukawa kama mfereji, na jike mwembamba amelala humo ndani. Wawili hao huishi hivyo kwa miaka, jike akitaga kila siku.

Chini ya hadubini mayai yao yalionekana yana mwiba. Mengine mwiba uko nchani, mengine uko ubavuni. Mwiba huo ulizusha ubishi mkubwa. Mwaka 1902, mjini London, Patrick Manson alimpima mgonjwa aliyekuwa ameishi katika visiwa vya Karibea, akakuta mayai ya mwiba wa ubavuni katika kinyesi, lakini katika mkojo hamkuwa na yai hata moja. Akashuku kwamba minyoo ni aina mbili. Mwaka 1907 Louis Sambon akaipa aina ya pili jina la *Schistosoma mansoni*, kwa heshima ya Manson.

Arthur Looss, profesa wa Kijerumani huko Cairo, alikataa katakata. Kwake yeye mnyoo alikuwa mmoja tu, na tena kitoto kinachoanguliwa majini humwingia binadamu moja kwa moja, bila kupitia mnyama mwingine. Watu walimsikiliza, kwani ndiye aliyegundua kwamba minyoo ya safura hupenya ngozi, baada ya maji yenye vitoto vyake kumdondokea mkononi. Lakini kwa kichocho alikosea, na kosa la mkubwa huchukua muda kusahihishwa.

Jibu lilitoka Japani, na ng'ombe walisaidia kulipata. Huko kulikuwa na mnyoo wa jamii hiyo hiyo aliyeshambulia watu na wanyama pia. Mwaka 1909 Fujinami na Nakamura waliwaingiza ng'ombe katika maji ya mashamba ya mpunga. Waliofungwa midomo wasinywe waliambukizwa, na waliofunikwa miguu walisalimika. Njia, basi, ilikuwa ngozi. Mwaka 1913 Miyairi na Suzuki wakamkuta konokono ambaye mnyoo hukulia ndani yake. Mwaka 1915, vita vikiendelea, jeshi la Uingereza lilimtuma Robert Leiper Misri. Aliokota konokono, akawaambukiza wanyama wa majaribio, na ukweli ukadhihiri: konokono wa aina moja alitoa mnyoo wa mwiba wa nchani, wa aina nyingine akatoa wa ubavuni. Manson na Sambon walikuwa sahihi.

Mzunguko wenyewe ni huu. Yai hutoka na mkojo au kinyesi, likifika kwenye maji baridi huanguliwa. Kitoto chenye vinyweleo huogelea kumtafuta konokono wake, na kisipompata kwa muda wa siku moja hivi hufa. Akishampata, huzaliana ndani yake, na baada ya wiki kadhaa hutoka maelfu ya viluwiluwi wenye mikia ya panda. Hao hutoka zaidi mchana, jua likiwa kali, saa ile ile ambayo watoto wako mtoni. Hupenya ngozi kwa dakika chache, huacha mkia, hupitia mapafu na ini, wakakomaa na kuoana.

Kwetu Unguja na Pemba kichocho ni kile cha mkojo. Kandokando ya Ziwa Victoria kimeenea sana kile cha utumbo. Madhara makubwa hayaletwi na mnyoo bali na mayai yanayokwama mwilini. Kibofu hupata makovu, na baada ya miaka mingi huweza kupata saratani. Kwa wanawake mayai hukwama pia katika njia ya uzazi, yakaleta vidonda, damu na hata utasa. Wako waliodhaniwa wana maradhi ya zinaa, wakabeba aibu kwa sababu ya maji waliyochota na kufulia tangu utotoni. Hilo ndilo linalotuuma zaidi.

Dawa ipo. Kuanzia mwaka 1918 zilitumika sindano za antimoni, kali kwa mgonjwa. Huko Misri sindano zilizorudiwa bila kusafishwa vizuri zilieneza homa ya ini aina ya C. Tangu miaka ya 1970 kuna prazikwanteli, vidonge vya kumeza, ingawa havimkingi mtu anayerudi kwenye maji yale yale.

Sasa, kwa nini tuwaandikie haya nyinyi mlio mbali? Kwa sababu mnyoo huyu huishi kati ya miaka mitatu na kumi, na wamepatikana watu waliokuwa naye zaidi ya miaka 30 baada ya kuhama. Daktari wa huku, ambaye hajaona kichocho maishani mwake, hatauliza juu ya mto wa kijijini kwetu. Yai la mwaka 1902 lilieleweka kwa sababu ilijulikana mgonjwa alikuwa ameishi wapi. Basi tusione haya. Tuwaambie madaktari tulikokulia na maji tuliyoogelea, na tuwaambie dada zetu na watoto wanaokwenda likizo nyumbani wafanye vivyo hivyo.