Tarehe ya Kariakoo, Mji wa Wapagazi

Nimeshika kalamu kwa sababu ya neno moja lililosemwa barazani kwetu, mtaa wa Narung'ombe, baada ya sala ya alasiri. Kijana mmoja mwenye frem ya viatu, mtu mwema wala simtaji, alikuwa amekaa nasi akisubiri kahawa. Akasema, "Mzee wangu, Kariakoo imeanza na soko. Bila soko hapa pangekuwa shamba tu." Wenzangu wakacheka, mmoja akaitikia kwa kichwa. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Mwanangu, soko ni mgeni hapa. Amekaa sana, tumemzoea, lakini ni mgeni." Akataka ushahidi. Nami naweka ushahidi.

Sayyid Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, upande wetu huu ulikuwa minazi na nyasi. Wajerumani wakahamishia makao yao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakajichagulia Uzunguni kunakopiga upepo wa bahari. Wahindi wakakaa katikati, na Mwafrika akaonyeshwa njia ya ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Karibu na Vita Kuu ya Kwanza wakapima viwanja, wakanyoosha mitaa kama mistari ya dama, wakasimamisha banda kubwa wakisema litakuwa soko. Hapa ndipo kijana wangu anapojikwaa. Banda lilijengwa, sikatai, ila halikuuza hata fungu moja la mchicha. Vita viliwahi kufika kabla ya mchicha.

Septemba 1916 Waingereza waliingia mjini, na pale palipongojewa vikapu vya nyanya wakawekwa watu. Hao ndio Carrier Corps, jeshi la wapagazi. Ulimi wetu ukalipokea jina lile kama unavyompokea mgeni, ukalivua viatu mlangoni na kulivisha kanzu, likawa Kariakoo. Soko lilifunguliwa mwaka 1923, watu wakiwa wamekwisha kulala, kuugua, kuoa na kuzikana mahali hapa. Sasa nani mwenyeji?

Msomaji asidhani upagazi ule ulikuwa kazi ya kuchukua kikapu kituo cha basi. Nyumbu na farasi walikufa kwa ndorobo, magari yalizama katika matope ya Rufiji, basi kila risasi, kila gunia la unga na kila kopo la nyama ya afisa lilipita juu ya kichwa cha mtu. Babu yangu alisema mzigo ulikuwa ratili hamsini, na mvua ikinyesha mzigo ulikunywa maji ukawa mzito zaidi, wala hapana aliyekuongezea posho kwa hayo maji. Waliokufa kwa kuhara, homa na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi.

Anayetaka kusoma habari zao asihangaike na vitabu, asome vibao vya mitaa. Narung'ombe palipiganwa Julai 1917, kwa upande wa Kilwa. Mahiwa palipiganwa Oktoba mwaka huohuo, kwa upande wa Lindi, na wazee walisema hapakuwa na pigano baya kama hilo. Tandamti nako ni vita. Leo mama anashuka mtaa wa Mahiwa kununua sare za shule, anapandisha Tandamti kutafuta vyombo vya harusi, naye hajui kwamba anakanyaga makaburi kwa majina yake. Mwaka 1927 Serikali ilimsimamisha askari wa shaba kule mjini, bunduki mkononi, na bado yuko. Askari alipata sanamu. Mpagazi alipata kitongoji, na jina la kazi yake hutajwa na makonda mara nyingi kwa siku moja kuliko sanamu inavyotazamwa kwa mwaka.

Bibi yangu alikuwa na sanduku la mninga lenye harufu ya udi, na chini kabisa, chini ya kaniki na hati ya kiwanja, aliweka kisahani cha bati kilichotobolewa tundu moja la kupitishia uzi. Babu alikivaa shingoni tangu siku aliyoandikwa. Hakina jina, kina namba. Bibi alisema babu, hata alipokuwa mzee wa kusahau majina ya wajukuu, ukimwuliza namba aliitamka kwa Kiingereza bila kukosea, halafu akanyamaza siku nzima.

Vita vilipokwisha, wako waliorudi kwao. Wako wasiorudi, kwa sababu kijiji kilikuwa mbali, au mshahara haujalipwa, au mke amekwisha kuolewa. Hao ndio waasisi. Wakaingia viwanjani wakajenga nyumba ile ambayo kila mtoto wa pwani anaijua akiwa amefumba macho: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, ua wa nyuma wenye jiko, choo na kamba za kuanikia, na mbele baraza. Kuta za miti na udongo, paa la makuti, na baadaye madebe yaliyofunuliwa yakapigwa misumari. Mwenye nyumba alichukua chumba cha mbele, vilivyobaki akapangisha. Ndiyo maana nyumba moja ya Kariakoo ilikuwa na Mzaramo, Mmanyema, Mngoni na Mnyamwezi, wote wakigombea jiko moja la uani, na watoto wao wote wakichapwa na bibi mmoja.

Wala si wanaume peke yao waliomiliki. Wanawake wenye nyumba zao walikuwa wengi, na bibi yangu alikuwa mmoja wao baada ya babu kufariki. Kodi aliikusanya tarehe moja, amekaa kwenye kibao cha mbuzi katikati ya korido, mtu hapiti. Asiyekuwa na kodi alikuna nazi mpaka apate la kusema. Upatu ulichezwa uani kwake, khitima ilisomwa uani kwake, na kama mpangaji alifiwa, jamvi lilitandikwa barazani kabla marehemu hajaoshwa. Jioni muuza kahawa alipita na dele lake, akigonganisha vikombe viwili mkononi, kashata kwenye sinia, na ukisikia mlio ule ulijua bila saa kwamba jua linazama. Ramadhani ilipokwisha watoto walipelekwa Mnazi Mmoja na nguo mpya zinazobana.

Hapa naomba radhi nitoke kidogo njiani, kwa kuwa siwezi kuitaja Kariakoo nikaacha mpira. Young Africans ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wakagombana, wakatoka, wakaunda chama chao, kikabadilishwa jina mara kadha, kikaitwa Sunderland, na mwaka 1971 kikaitwa Simba. Sasa nauliza, mtoto aliyetoka nyumbani kwa hasira anaweza kuwa mkubwa kuliko mama yake? Wao wamekaa Msimbazi, sisi tumekaa Jangwani, na mwendo wa kati ya nyumba hizo mbili haukupi nafasi ya kumaliza muwa, lakini nimeona ndugu wa tumbo moja wakikataa kulipita jengo la wenzao. Mwaka 1968 tuliwafunga matano bila jibu. Novemba 2023 tukawafunga matano kwa moja, na usiku ule hapakulalika Jangwani. Habari za mwaka 1977 zinajulikana, na karatasi hii ni fupi. Turudi tulikokuwa.

Kwa koo nyingi zilizokuja kuishi hapa, mitaa ya Nyamwezi, Somali, Swahili na Pemba inatosha kuwa kumbukumbu yao. Lakini ukoo mmoja lazima nikae nao, ukoo wa Sykes. Babu yao, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyetoka Msumbiji na jeshi la Wajerumani. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa 1894, alipigana upande wa Wajerumani katika vita hivyohivyo ambavyo babu yangu aliwabebea mizigo Waingereza. Tazama basi kazi ya Mungu: waliowindana porini wakaja kuwa majirani wanaoazimana chumvi. Wazee walisema hapana aliyewahi kuwauliza ulikuwa upande gani. Kleist alikuwa katibu wa kwanza wa African Association mwaka 1929, na mwaka 1933 akawa miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya. Mtaa wa Kipata alikoishi sasa unaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1949.

Wanawe wawili, Abdulwahid na Ally, walipelekwa Burma katika vita ya pili. Wa tatu ni Abbas. Abdulwahid alirudi akawa mkuu wa soko la Kariakoo, na hapo, nakiri, soko lilianza kutusaidia. Wazee walisema aliyekwenda ofisini kwake kulalamikia ushuru wa meza alitoka na maneno mengine kabisa masikioni. Tarehe 17 Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglu, alishindana kwa kura ya uongozi wa African Association na mwalimu kijana wa Pugu aitwaye Julius Nyerere, akashindwa, kisha akamfungulia mlango wa nyumba yake. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa New Street, mtaa ambao sasa ni Lumumba. Kadi namba moja ilikuwa ya Mwalimu, namba mbili ya Ally Sykes.

Ndugu zetu wa Magomeni hujivuna kwamba Mwalimu ni wao, na kweli nyumba yake ya mtaa wa Ifunda ipo na watu huenda kuitazama. Sina ugomvi na matofali. Nasema hivi: Mwalimu alipoacha kazi ya ualimu mwaka 1955, wazee wetu husema mji uliompa kitanda na sahani ulikuwa Kariakoo, kwa Abdulwahid. Magomeni alikwenda akiwa amekwisha kula chakula chetu. Na Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha lelemama kilichoitwa Bomba, alipoambiwa awatafute wanawake waingie chama, hakwenda maofisini. Alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, kwa wanawake wa uani, wenye kibao cha mbuzi na hati ya kiwanja ndani ya sanduku.

Soko nalo lipewe haki yake, kwa ufupi. Banda la Mjerumani lilibomolewa, na katika miaka ya 1970 Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika nchi zetu hizi, akachora lile tunalolijua. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyopinduka, inayokinga mvua na kuishusha ndani ya nguzo mpaka kwenye matangi ya chini. Mwalimu alilifungua mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Nilikuwa barazani nikaona anga jekundu juu ya mtaa wa Swahili, na wenye meza wakikimbia na ndoo wasizojua pa kuzimwagia. Asubuhi watu walisema, "Kariakoo imeungua." Haikuungua Kariakoo. Saa moja asubuhi muuza vitumbua wa kona yetu alikuwa ameweka kikaango, na foleni ilikuwapo.

Nyumba za vyumba sita ndizo zinazokwisha. Mwenye kiwanja hufuatwa na mwenye fedha, wakaandikiana, na mwaka haujapita baraza limekuwa mlango wa chuma na juu yake maghorofa, kila ghorofa frem, kila frem bei. Novemba 2024 jengo moja liliwaangukia watu asubuhi. Tulisimama na kamba na majembe, tukasikiliza sauti chini ya zege. Waliofika mwanzo kuchimba hawakuwa na kofia ngumu wala mashine. Walikuwa vijana wa mikokoteni na wabeba mizigo, waliotupa mizigo yao barabarani wakaingia kwa mikono.

Hayo nilimsomea kijana wa frem siku alipokuja tena, wakati wa kahawa. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema karatasi ni karatasi tu. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikampa kisahani. Akakigeuza upande huu na upande huu, akakipima uzito kiganjani. Mara mkokoteni wa mabalo ya mitumba ukapita, mvutaji akipiga kelele, "Pisha mzigo! Pisha mzigo, wazee!" nasi sote tukakunja miguu barazani kama tulivyofunzwa utotoni. Kijana akautazama mpaka ukakata kona ya Mahiwa.

"Hakina jina?" akaniuliza.

"Namba tu."

Akanirudishia kwa mikono miwili. Kahawa ya watu wote siku ile alilipa yeye, naye hakusema tena habari za soko.

Haya ndiyo niliyoyapokea kwa wazee na niliyoyaona kwa macho yangu. Mwenye tarehe nyingine na aje nayo barazani, alasiri, akijua kwamba atapishwa kiti lakini hatapishwa hoja.