Wali wa Kireno na Migongo Iliyoinama

Wahenga walisema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Nakubaliana nao. Ila naongeza swali ambalo wao hawakulitia: mchele huo nani kaulima?

Ndugu msomaji, habari za Wareno nilizisoma hadi kidato cha nne. Nilikariri 1498, nikakariri 1593, nikakariri 1698. Vasco da Gama kaja, Ngome ya Yesu ikajengwa Mombasa, Waomani wakaiteka, kwisha. Katika daftari langu zima hapakuwa na Mreno hata mmoja aliyekula. Watu miaka mia mbili wanapiga mizinga tu, tumbo tupu! Mimi nataka kuwa mtunzi wa riwaya, na mtunzi wa riwaya hawezi kumwamini mhusika asiyekula. Ndiyo maana nikaanza kukifuatilia chungu chao.

Wali wa kawaida wa nyumbani kwa Wareno, ule ambao mama anawapikia wanawe siku ya kazi bila kungoja mgeni, ni chakula chepesi mno. Kitunguu maji kimoja hukatwakatwa vidogo, pamoja na punje mbili za kitunguu saumu. Mafuta ya zeituni hubandikwa jikoni, kitunguu kikaachwa kilainike polepole bila kuungua. Hatua hiyo wanaiita refogado, na mpishi anayeiharakisha huhesabiwa hajui kupika. Hutiwa jani moja kavu la mti wanaouita louro. Kisha mchele, tuseme vikombe viwili, unageuzwageuzwa ndani ya mafuta hadi kila punje ing'ae. Maji ya moto vikombe vinne, chumvi, mfuniko, moto mdogo, dakika kama kumi na tano hivi. Basi. Hakuna iliki, hakuna karafuu, hakuna tui. Mtu wa pwani akiambiwa kwamba huo ndio wali wa watu waliozunguka nusu ya dunia kutafuta viungo, atacheka mpaka adondoshe mwiko.

Una ndugu yake, wali wa nyanya, ambao aghalabu huliwa na samaki wa kukaanga. Huo hutiwa maji mengi zaidi, na hutakiwa kufika mezani ukiwa bado unatembea kwenye sahani. Wanauita malandrinho, ni kama kusema kahuni kadogo. Kwetu, bi harusi akiupika wiki ya kwanza, mawifi watapita nyumba kwa nyumba wakisema katuletea mashendea. Kule ndiyo sifa yenyewe! Mchele wao wa asili, wanaouita carolino, una punje nene inayonyonya mchuzi na kutoa wanga, kwa hiyo kazi hiyo unaiweza kuliko mchele mwembamba.

Jina la chakula chenyewe linatoboa siri. Wareno husema arroz, na neno hilo limetoka katika Kiarabu, ar-ruzz. Mafuta ya zeituni wanayaita azeite, nalo ni la Kiarabu, az-zayt. Majeshi ya Waislamu yalivuka kutoka Afrika Kaskazini na kuingia rasi ya Iberia mwaka 711, na kusini kabisa mwa Ureno, katika jimbo la Algarve, utawala wao haukukoma hadi mwaka 1249. Kumbe Mreno na Mswahili walikaa darasa moja mbele ya Mwarabu! Tofauti ni kwamba mmoja alitoka na jina la wali, na mwingine hakulihitaji. Sisi tulikuwa na mpunga, mchele na wali, majina matatu kwa kitu ambacho mwenzetu anakiita arroz shambani, dukani na mezani.

Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wapo wanaosema eti Wareno ndio waliotuletea mpunga. La hasha. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akakirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na ziara hiyo hiyo ikamfikisha Mombasa na Kilwa. Kisiwani Pemba, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta punje za mpunga zilizoungua, za karne nyingi kabla ya Vasco da Gama kuzaliwa. Tena Mreno mwenyewe, Duarte Barbosa, aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba visiwa vya Pemba, Unguja na Mafia vina mchele. Baadaye walipoweka askari Mombasa, Pemba ndiyo iliyokuwa ghala lao. Ngome ile ilizingirwa kuanzia mwaka 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwemo ndani walikufa zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa upanga. Wamejengewa kuta nene namna ile, chakula kiko nje.

Sikatai kwamba mahindi, muhogo na pilipili kali za bara la Amerika zilisafiri katika merikebu zao. Hilo siwanyimi. Na katika lugha walituachia meza, pipa na mvinyo. Wakatuachia na gereza, neno ambalo kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Hilo, ndugu msomaji, utalitafakari mwenyewe. Lakini wali hawakutuletea.

Sasa turudi kwao Ureno, maana huko nako swali langu linauma. Mpunga wao hulimwa katika mabonde ya mito mitatu: Mondego, Tejo na Sado. Mpunga unataka maji yaliyotuama, na maji yaliyotuama yanaleta mbu. Katika mabonde hayo malaria iliwatesa watu vizazi na vizazi, na waliosimama ndani ya tope wakipandikiza na kupalilia wengi wao walikuwa wanawake, vibarua waliotoka mikoa mingine. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa malaria imetokomezwa Ureno mwaka 1973 tu, yaani juzi. Sisi tunaoijua homa hiyo tunaweza kukisia gharama ya sahani moja.

Bonde la Sado, kusini mwa Lisbon, lina jambo jingine. Katika vijiji vyake wapo Wareno ambao babu zao walikuwa Waafrika, waliopelekwa kule utumwani. Kundi kubwa la kwanza la watumwa kutoka Afrika, watu 235, liligawanywa na kuuzwa katika mji wa Lagos, huko huko Algarve, mwaka 1444. Hiyo ni zaidi ya nusu karne kabla meli za Wareno hazijaonekana Mombasa. Sisi tunahesabu ujio wao kuanzia siku walipotufikia, kumbe Waafrika wenzetu walikuwa wameshafika kwao, na si kwa hiari.

Na habari haikwishia utumwani. Katika karne ya 20, chini ya utawala wa Salazar, serikali ya Ureno ilitaka makoloni yazalishe zaidi. Msumbiji ililazimishwa kulima pamba, na mwanzoni mwa miaka ya 1940 ikalazimishwa kulima mpunga vilevile, hasa katika mikoa ya kati kama Zambézia. Mwanaume alichukuliwa kwenye kazi za shokoa. Mwanamke akapimiwa shamba, akapewa mbegu, na mavuno akatakiwa kuyauza kwa kampuni iliyopewa eneo lile, kwa bei isiyo na mjadala. Msimu wa mpunga ndio huo huo msimu wa chakula cha nyumbani. Ukiinama huku, huku kunaota majani. Kilimo hicho cha lazima kilifutwa mwaka 1961. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni 1962, FRELIMO ikaundwa Dar es Salaam, na Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975.

Mtaani kwetu Mtwara yupo bibi aliyezaliwa Zambézia, akaolewa huku. Utoto wake wote alimfuata mama yake katika mashamba hayo, kazi yake ikiwa kufukuza ndege tangu alfajiri. Husimulia kwamba mpunga waliulima wao, ila wali aliuonja kwa mara ya kwanza jikoni kwa bibi wa Kireno, alikokwenda kufanya kazi akiwa msichana. Huko ndiko alikojifunza refogado. Alisimama kando akatazama mpaka mkono ukajua.

Nilidhani mtu mwenye historia hiyo angekichukia chakula kile. Mjomba wangu, ambaye naye asili yake ni ng'ambo ya Ruvuma, hakigusi. Akikiona anavuta bakuli la ugali. Namwelewa, na simbishii. Bibi yeye hukipika kila Jumapili. Anasema ukiwaachia Wareno wali, utakuwa umewaachia na lile shamba, na shamba lile lilikuwa la mama yake. Kati ya hao wawili mimi nimesimama upande wa bibi, ingawa shibe pia inachangia.

Mafuta ya zeituni bei yake haishikiki, anatumia ya alizeti. Jani la louro hana, na halitafuti. Kitunguu anakilainisha vilevile kama alivyofundishwa, polepole, akimgombeza mjukuu anayechochea moto. Saumu, nyanya mbili, mchele, ageuze hadi ung'ae. Pale ambapo Mreno angetia maji, yeye anatia tui la pili, na wali ukikaribia kukauka anamwagia tui zito na kupalia makaa juu ya mfuniko. Siku moja nilimuuliza: kwa hiyo bibi, huu sasa ni wali wa nani? Akanitazama, akanisukumia kibao cha mbuzi na vifuu viwili vya nazi, akaniambia nikune upesi, watoto wana njaa.