Nduthi Yako Mzee Inatingisha Kichwa Ukifika 70? Cheki Hizi Vitu Kabla Ikumwage

Umetoka Emali unaelekea Makindu. Lami imenyooka, umefungua mpaka 75, halafu usukani unaanza kucheza kushoto-kulia. Unaachilia mafuta kidogo, unazidi. Trela ikikupita na ule upepo wake, ndio unaona maisha yako yote.

Wasee wengi wa Makueni na Kitui wenye nduthi ya miaka nane ama kumi wanaijua hii story. Wengi huambiwa "badilisha shoki," ganji inaenda, kutingisha kunabaki. Shida ni kuwa vitu kama nane tofauti huleta dalili moja. Kwa hivyo anza na zile za bure.

Kwanza, ni mbele ama ni nyuma?

Kama usukani pekee ndio unatetemeka, haraka haraka, mara nne mpaka kumi kwa sekunde, na unakuja zaidi ukipunguza mwendo kati ya 80 na 50, anzia mbele: tairi, rimu, koni.

Kama nduthi yote inayumba kama nyoka, polepole, mara mbili ama tatu kwa sekunde, na inazidi vile unaongeza spidi, cheki nyuma: mzigo, bushi za suingiamu, tairi ya nyuma. Hapo hata ukibadilisha kila kitu ya mbele utakuwa unajaza mfuko wa fundi tu.

Ondoa vitu kwanza

Ule mwavuli mkubwa wa bodaboda hushika upepo kama tanga ya mashua, na umefungwa juu. Utoe. Toa pia vioo vya ziada na mifuko yenye imening'inia kwa usukani.

Halafu mzigo. Gunia la ndengu la kilo 90 ama makreti ya maembe yakikaa nyuma ya akseli ya nyuma, mbele inakuwa nyepesi. Nyuma ikizama, pembe ya foku inabadilika na usukani hautulii. Endesha bila mzigo. Ikitulia, umepata jibu bila kutoa hata bob.

Na abiria? Sheria ya trafiki inaruhusu mmoja. Ukibeba watatu hiyo si test, ni kujitafutia.

Tairi

Pima presha asubuhi kabla hujatoka, tairi ikiwa baridi. Nduthi nyingi za 100 mpaka 150 hukuwa karibu psi 25 mbele na zaidi kidogo nyuma, lakini namba ya kweli ni ile ya kitabu cha nduthi yako. Kufinya na kidole si kupima.

Pitisha kiganja juu ya tairi ya mbele, pande zote mbili. Ukihisi mabonde na milima, imeliwa vibaya na hiyo pekee inaeza tingisha usukani. Cheki pia namba nne za mwisho kwa ile code ya ubavuni: 3516 inamaanisha wiki ya 35 ya mwaka wa 2016. Tairi ya zamani hivyo, hata ikiwa na meno, raba imekauka.

Rimu na spoki

Weka stendi ya kati, inua mbele na kipande cha mbao chini ya injini. Shika kijiti kwa foku karibu na rimu, zungusha gurudumu. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikibadilika kwa zaidi ya milimita mbili, rimu imepinda. Gonga kila spoki na spana ndogo: iliyokaza inalia "ting," iliyolegea inalia kama bati. Murram yenye mawimbi hulegeza spoki pole pole bila wewe kujua.

Beringi na koni

Mbele ikiwa bado juu, shika tairi juu na chini, sukuma na vuta. Ikicheza kwa akseli, beringi za gurudumu zimekufa.

Sasa shika miguu ya foku pale chini, vuta mbele na nyuma. Ukisikia "tok" pale shingoni, koni imelegea. Halafu zungusha usukani polepole na kidole kimoja. Ukihisi kama unaingia kwa shimo ukifika katikati, gololi zimechimba koni. Hiyo haikazwi, inabadilishwa, seti nzima juu na chini. Fundi akikaza sana kuficha mchezo, usukani unakuwa mzito na nduthi inaanza kuyumba. Iliyo sawa haina mchezo, na inaanguka kushoto ama kulia kwa uzito wake.

Foku na nyuma

Oili ikimwagika mguu mmoja, miguu haifanyi kazi sawa. Cheki kama foku zote zimetokeza urefu mmoja pale juu. Nyuma, shika suingiamu usukume kando; ikicheza, bushi zimeisha. Funga uzi kutoka tairi ya nyuma mpaka ya mbele, pande zote mbili, uone kama zimelingana. Watu hukaza cheni upande mmoja na gurudumu linakaa mshazari.

Ikikushika kwa lami

Usikamate breki ya mbele kwa nguvu, inaongeza mtetemo. Usipigane na usukani. Bana tangi na magoti, inama mbele, shika imara lakini usikaze mikono, na uachilie mafuta polepole. Spidi ikishuka, itatulia. Toka barabarani kabisa kabla ya kusimama.

Rekebisha kitu kimoja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu pamoja hutajua ni gani ilikuwa shida. Na test usiifanyie Mombasa Road katikati ya malori. Tafuta kipande kimetulia, kama ile lami ya Kibwezi kuelekea Mutomo asubuhi mapema, uvae helmeti, uende peke yako, uongeze spidi kidogo kidogo. Mpaka itulie, mathe wa watu asikalie hiyo siti ya nyuma.