Pangani: Mto Ulibeba Nini?

Ukifika Pangani raha zipo: kupanda boti mtoni katikati ya mikoko na minazi, kuvuka kwa kivuko hadi Bweni, au kwenda kuogelea kwenye fungu la mchanga la Maziwe, ambalo maji yakijaa hulifunika. Safi kabisa. Lakini hebu tuulize: kabla ya watalii, mto huu ulibeba nini?

Karne ya 19 Pangani ilikuwa mwisho wa njia ya misafara ya pembe za ndovu, na kandokando ya mto watumwa walilima miwa. Agosti 1888 Emil von Zelewski alipandisha hapo bendera ya kampuni ya Wajerumani, watu wakachachamaa. Bushiri bin Salim akaongoza vita vya pwani, hadi akanyongwa papo hapo Pangani, tarehe 15 Desemba 1889.

Shujaa, sawa. Ila kumbe Bushiri naye alikuwa na shamba la miwa, na waliolilima ni watumwa. Hapo ndipo kalamu zetu hugoma: tunaandika bendera, tunaliacha jembe. Vijana wenzangu, tukimtembeza mgeni mtoni tumwambie yote mawili. Waliokata miwa ile nao ni wazee wetu.